Mama Maziwa Aenda Nyandarua

Nyokabi hakulala nje ya boma lake. Hakuogopa wezi wala hakuwa na ushirikina wowote. Ni kwamba ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, hata Krismasi, na ng'ombe wake alikuwa na masharti. Jamaa zake wa mbali walizoea kumwona akifika arusini mchana na kuondoka kabla keki haijakatwa. Mazishini alitupa udongo wake kaburini, akafuta mikono, akaanza kutafuta gari la kurudi. Watu wa Waithaka, pembezoni mwa jiji, walimcheka sana kwa hilo, halafu jioni ikifika wakaja langoni kwake na majagi, mabirika na chupa za soda, wakapimiwa maziwa yangali na joto, wakaenda kupika chai. Walimwita Mama Maziwa. Jirani yake Peres Awuor, mshonaji aliyepanga chumba ng'ambo ya njia, alimwita Mama Ken, kwa heshima ya mtoto wa kwanza.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Nyange, kama yule ndege mweupe afuataye mifugo, kwa ajili ya baka jeupe alilokuwa nalo begani. Nyanya yake Nyange alikuwa mtamba ambaye Nyokabi alipewa na mama mkwe siku alipomzaa Ken. Mumewe alipofariki, Ken akiwa shule ya msingi na Ciru angali akibebwa mgongoni, wazee wa ukoo walikuja, wakaketi, wakanywa chai, wakaulizana mama huyu ataishije. Hawajamaliza kikombe cha pili, Nyokabi akawaomba radhi akatoka. Ilikuwa saa ya kukamua. Jibu lao lilikuwa huko nje likitafuna nyasi, ila hawakulitambua.

Maziwa yalimsomesha Ken hadi chuo na Ciru hadi chuo kikuu. Ciru sasa alikuwa na ofisi katikati ya jiji na nyumba ya kupanga kule Parklands, na ukimwona akitoka kwenye lifti na viatu vyake vya kisigino, ujue viatu hivyo asili yake ni kwato. Ken aliuza vigae vya sakafu kwa kampuni moja na alijenga kichwani mwake kila siku. Kila kipande cha ardhi alichokiona alikigawa vyumba. Na kipande alichokigawa mara nyingi kuliko vyote ni pale lilipokuwa banda la Nyange.

"Mathe, hapo kwa hiyo banda zinaingia rooms sita," alimwambia mama yake mara kwa mara. "Wewe unakaa tu, unakula rent. Magoti yako itashukuru."

Ciru naye alikuwa na lake. Wakwe zake watarajiwa walikuwa wakija kujuana na wenyeji mwezi uliofuata, na njia ya kuingilia sebuleni ilipita kando ya lundo la samadi. Hakulisema waziwazi. Alisema tu kwamba mama amechoka.

Nyokabi aliwajibu wote wawili jibu moja. "Mimi nikifa, jengeni hata gorofa. Kwa sasa hapo pana mwenyewe." Akaendelea na shughuli zake, akiamini mjadala umekwisha. Kwa watoto wake, mjadala ulikuwa umehamia tu mahali asipoweza kuusikia.

Sasa, mama huyu alikuwa na hamu moja maishani, na aliyeijua ni Ciru peke yake. Nyokabi alizaliwa Ihururu, kule Nyeri, chini kabisa ya msitu wa Nyandarua ambao wageni huuita Aberdare. Utotoni mwake, wakati wa vita vya msituni, mtaro mrefu ulichimbwa ukingoni mwa msitu, na mtoto aliyeukaribia alichapwa kabla hajaulizwa. Vita vilipokwisha, msitu ulibaki mbuga ya taifa, na baadaye ukazungushiwa uzio wa umeme. Kwa hiyo alikua akiutazama tu. Bibi yake alimwambia huko juu kuna maji yanayoanguka kutoka mbali sana hata hugeuka moshi kabla ya kufika chini. Nyokabi alimhadithia Ciru habari hiyo siku binti alipokuwa mgonjwa wa surua na hataki kunywa uji. Alimwambia, "Siku moja nitaingia nione kama ni kweli." Mtoto akanywa uji, na mama akadhani maneno yameishia hapo.

Basi mwezi wa pili wa mwaka 2006, barabara za mlimani zikiwa kavu, Ciru akaja nyumbani na keki na maneno matamu.

"Mum, imagine tu. Ulizaliwa hapo chini na hujawahi ingia. Tunaenda Friday, tunalala Nyeri, Saturday asubuhi tuko ndani ya park, jioni tuko hapa. Ken ameomba boss wake gari ya kupanda mlima."

"Na Nyange?"

"Ken amepata mtu wa kumwangalia. Mtu anajua ng'ombe."

Nyokabi alikataa siku hiyo. Akakataa Jumapili baada ya kanisa. Lakini kila alipofunga macho aliona maji yakigeuka moshi, na Ciru alilijua hilo, maana ndiye aliyelichochea. Hatimaye akasema, "Huyo mtu aje kwanza nimwone mkono."

Mtu akaja. Jina lake Muli, Mkamba wa makamo, mpole, mwenye viatu vya mpira vilivyooshwa. Alikaa siku mbili akijifunza, na Nyokabi alimpenda papo hapo kwa sababu aliuliza maswali. Aliuliza kama Nyange amewahi kuugua ndigana. Aliuliza alizaa lini, alipandwa lini, anakula pumba kiasi gani. Alimfunua mdomo akamtazama meno. Alimpapasa kiwele chuchu baada ya chuchu. Ungedhani mlinzi wa siku mbili angeuliza tu ndoo iko wapi! Lakini Nyokabi, ambaye watoto wake wote wawili hawakujua hata Nyange ana mimba ya miezi mingapi, alifurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mwishoni mwa maisha yake. Hakumficha kitu.

Alimweleza masharti. Nyange hushusha maziwa kwa mtu mmoja tu, naye ni Nyokabi. Hukamuliwa kutoka kushoto, tofauti na ng'ombe wa watu. Lazima asikie wimbo wa kanisani ukivumishwa puani, usiimbwe kwa maneno, maneno humsumbua. Na lazima anuse koti la kijani la marehemu mume wake, ambalo Nyokabi alilivaa bandani tangu awe mjane na ambalo halikuwahi kufuliwa kwa sababu hiyo.

Jioni ya kwanza Muli alikula teke. Jioni ya pili Nyokabi alivua koti akampa. "Vaa hii. Mimi nitasimama huko nyuma upepo usinilete kwake. Akinusa atadhani ni mimi."

Muli akavaa, akavuma wimbo kwa sauti ya nyuki mzee, na maziwa yakashuka. Nyokabi alipiga makofi nyuma ya banda. Kisha, bila kutarajia, alihisi wivu kidogo kifuani, akajicheka.

"Mama," Muli alimwambia akifuta mikono, "wewe ni mtu wa haki. Wengi hawawezi kukwambia ukweli wa ng'ombe wao hivi."

Nyokabi aliyachukua maneno hayo kama sifa tu. Ijumaa asubuhi, Muli alipomaliza kukamua, Nyokabi alimwachia koti kwenye msumari, akampigapiga Nyange begani, akapanda gari.

Safari ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linalomchoma hadi leo, kwamba ilikuwa nzuri. Ken aliendesha taratibu. Ciru alikuwa amemnunulia koti jipya, la baridi. Walikula nyama choma Murang'a, wakanunua ndizi Karatina, wakalala kwenye hoteli ndogo Nyeri mjini, ambako Nyokabi aliamka kabla ya jua kama kawaida yake na kukaa kitandani mikono ikifumba na kufumbua yenyewe, haina cha kukamua. Asubuhi wakapita Ihururu. Aliwaonyesha mahali palipokuwa na nyumba ya bibi yake, sasa pana mashina ya chai. Aliwaonyesha mtaro, ambao ulikuwa umejaa nyasi na mbuzi wawili. Kisha askari wa mbuga akainua kizuizi, na Nyokabi akaingia msituni kwa mara ya kwanza.

Kulikuwa na giza la kijani na harufu ya udongo ambao haujawahi kukauka. Miti ilivaa kuvu kama watu waliovaa sweta, na matawini zilining'inia ndevu za kijivu. Mbega wenye mikia mirefu myeupe waliruka juu ya barabara bila haraka. Halafu ikaja mianzi, mianzi pande zote, ikisuguana na kulia, na ukungu ukipita katikati yake. Nyokabi aliomba gari lisimame. Aliteremka, akatazama nyasi za kando ya njia, ndefu, nyororo, zenye umande.

"Hizi zote zinaliwa na nani?" akauliza.

"Nyati, mathe. Na ndovu. Rudi kwa gari."

"Nikate kidogo tu nimpelekee Nyange aonje."

Ken na Ciru walitazamana. "Mathe, hii ni national park, si shamba ya nyasi ya napia," Ken akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Nyokabi akacheka hadi machozi. Alikuwa na furaha. Alimshika Ciru mkono kwenye kiti cha nyuma akamwambia, "Mungu akubariki, mwanangu. Umenikumbuka." Ciru akageuka kutazama dirisha, na mama yake akadhani anatazama msitu.

Waliyafikia maporomoko ya Karuru jua likianza kupasua mawingu. Na ilikuwa kweli. Maji yalitoka ukingoni mazito, meupe, yakaanguka, yakaendelea kuanguka, na kabla ya kufika chini yakawa moshi. Nyokabi alisimama ameshikilia ubao wa ngazi, akamwaza bibi yake, ambaye hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba alisema kweli. Watoto walitaka kushuka hadi kibanda cha chini, waone karibu. Ngazi zilikuwa na utelezi na magoti yake yakakataa. "Nendeni. Nitakaa kwa gari nipumzike." Ciru akamwachia mkoba wake amshikie.

Simu ikalia ndani ya mkoba. Nyokabi hakuwa na desturi ya kugusa simu ya mtu, lakini jina lililowaka kwenye kioo lilikuwa Muli Ng'ombe. Akabonyeza.

"Haloo, Muli? Nyange ako sawa?"

"Ai, mama, ni wewe! Afadhali. Nilikuwa natafuta Ciru aniunganishe na wewe. Huyu ng'ombe amenikataa kabisa."

"Atakukataaje na jana ulimkamua vizuri?"

"Hiyo ilikuwa kwako. Tangu tufike huku Kitengela hajatoa kitu. Jana jioni hakuna, leo asubuhi nimepata teke ya tumbo. Kiwele kimejaa mpaka naogopa."

Nyokabi alisikia neno moja. "Kitengela?"

"Eeh, nyumbani kwangu. Lakini safari ilikuwa sawa, mama, usiwe na wasiwasi. Pickup ilienda pole pole vile ulinifunza, hapendi kutingishwa. Tulimpakia mkiondoka tu, vile Ken alisema. Aliniambia wewe hutaki kuona akienda, utalia. Nikaona ni haki yako, mama. Umemlea."

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa yote kwa mpigo mmoja: meno yaliyotazamwa, gari la bosi, keki, koti jipya la baridi. Walitaka atoke bomani. Wakatafuta mahali pa kumweka wakati wanamwibia, na wakachagua mahali alipopatamani kuliko pote duniani, kwa kuwa alikuwa amemwambia mmoja wao akimnywesha uji. Hata mnunuzi, Nyokabi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwa mkono wake. Aliumia. Kuna watu husema maumivu kama hayo huja kidogo kidogo. Hayo ya Nyokabi yalikuja yote pamoja, akafungua mlango wa gari apate hewa.

Angeweza kusema wakati huo huo: nimeibiwa, mrudishe ng'ombe wangu. Muli alikuwa mtu wa haki, pengine angemrudisha. Lakini kiwele kilikuwa kimejaa. Nyokabi alijua maumivu hayo, yeye aliyenyonyesha, na alijua kiwele kisipokamuliwa jioni na asubuhi huvimba, huwaka, huharibika. Ng'ombe hakuwa na kosa.

"Koti liko wapi?" akauliza.

Muli akasita. "Mama, usikasirike. Mke wangu aliifua. Alisema inanuka."

"Mlifua!" Na katikati ya yote yale, Nyokabi alijikuta karibu kucheka. "Haya. Msogeze karibu na ukuta, upande wa kulia uwe kwa ukuta. Maji ya moto na kitambaa, mkande polepole. Umefanya?"

"Mke wangu anafanya."

"Sasa weka simu kwa sikio yake."

"Ya mke wangu?"

"Ya ng'ombe, Muli."

Na hapo, ndani ya gari la watu, juu ya mlima ambao alikatazwa tangu utotoni, Nyokabi aliinamia simu ya binti yake akavumisha puani ule wimbo wa kila siku. Alivuma ubeti mzima. Akarudia. Askari wa mbuga aliyekuwa akipita alimtazama akaendelea na njia. Katika ubeti wa tatu alisikia kwa mbali Muli akipiga kelele, "Imeshuka! Mama, imeshuka!" na nyuma yake ule mlio wa maziwa yakigonga ndoo, ambao angeutambua hata usingizini. Kisha salio la Muli likaisha, simu ikanyamaza.

Alirudisha simu mkobani. Ng'ombe akishamshushia mtu maziwa, huyo ndiye mwenyewe. Hivyo ndivyo Nyokabi alivyoamini maisha yake yote, na sasa imani hiyo ilimgeukia. Nyange alikuwa wa Muli. Kumdai sasa kungekuwa kuwaita wanawe wezi mbele ya mtu asiyewajua, na kumvuta tena mnyama mwenye mimba kwenye pickup. Hilo aliliacha. Lakini kuna kitu kimoja alichokitaka bado, na alikitaka kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: mmoja wa watoto wake amwambie. Tu amwambie kwa kinywa chake. Barabara kutoka Nyandarua hadi Waithaka ni ndefu. Aliamua kuwapa yote.

Waliporudi wakiwa wameloa umande na wakicheka, Ciru akauliza, "Mum, umeona vile imekuwa poa?"

"Nimeona," Nyokabi akasema.

Waliteremka kupitia mianzi. Hakuna aliyemwambia. Wakapita mtaro, wakapita Ihururu, wakapita Nyeri. Ken alifungulia redio. Karatina walisimama kununua viazi, na Nyokabi, akiwa bado kwenye kiti, akamfungulia mmoja wao mlango wa kusema kweli.

"Ciru, hebu mpigie Muli. Nataka kujua Nyange ameamkaje."

Ken aliyekuwa akifunga gunia aliacha kufunga. Ciru alitoa simu, akatembea hatua chache kando ya gari, akaiweka sikioni. Dirisha lilikuwa wazi. Nyokabi aliona kioo cha simu. Kilikuwa cheusi. Binti yake hakuwa amebonyeza chochote.

"Haloo, Muli? Uko poa? ... Eeh. ... Ameamka vizuri? ... Ametoa? ... Wow, asante sana. Nitamwambia." Akaishusha simu, akarudi akitabasamu. "Yuko sawa, Mum. Anasema leo ametoa maziwa mob. Anakusalimia."

Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwa kawaida wanamaanisha uchungu wa kuzaa. Nyokabi alimtazama mtoto huyu aliyembeba mgongoni akikamua, aliyejifunza kutembea akishikilia mkia wa mama yake Nyange, aliyezungumza na simu iliyozimika bila hata kupepesa macho. Kuuzwa kwa ng'ombe angeweza kuvumilia. Mtu hufanya jambo baya kwa tamaa, kwa haraka, kwa ushamba wa ujana. Lakini vile vituo vya kusikiliza, ule "wow", vilitoka wapi? Nani alimfundisha?

"Asante," alisema. "Mungu ni mwema."

Kuanzia hapo hakuuliza tena. Murang'a ikapita. Thika ikapita. Walipoingia jijini na kukaribia Parklands, Ken akawasha taa ya kukata kona.

"Nimdrop Ciru kwanza, ndio nikupeleke. Amechoka."

"Hapana," Nyokabi akasema. "Tutafika sote."

"Mum, kesho nina kitu asubuhi..."

"Sote, Ciru."

Haikuwa sauti ya kubishana nayo. Walishika Waiyaki Way, wakapita Uthiru, wakaingia Waithaka jua likiwa limeinama.

Langoni kulikuwa na lori la kokoto lililokwisha kumwaga. Mahali pa banda palikuwa wazi. Mabati yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta, nguzo zimeng'olewa, vigingi vimepigwa na kamba za fundi zimevutwa kutoka kona hadi kona. Hata samadi ilikuwa imezolewa. Hori ya saruji ambayo marehemu mumewe aliijenga ilikuwa vipande vinne kwenye nyasi. Nyokabi alikuwa amejua kwa saa nyingi, na bado hakuweza kuendelea kutazama. Alikwenda akaketi kwenye ngazi ya veranda.

Ken alikuja akachuchumaa mbele yake. Alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja sahani. "Mathe. Mathe, sikiza. Tulitaka kukwambia."

"Lini?"

"Tulikuwa tunangoja... yaani, tulitaka u-enjoy kwanza."

"Muli alipiga simu mkiwa kwa maji," Nyokabi akasema. "Nimejua tangu huko juu. Nimekaa kwa gari siku nzima nikingoja mmoja wenu afungue mdomo. Mmenipitisha Nyeri, mkanipitisha Karatina, mkanipitisha Thika." Alimtazama Ciru. "Wewe ukaongea na simu imezimwa."

Ciru alifunika uso. Ken akaanza kueleza: magoti yake, vyumba sita, kwamba ni kwa faida yake, kwamba hata daktari alisema. Mama hakumsikiliza. Saa ilikuwa imefika. Nje ya lango, majagi yalikuwa yameanza kugongana.

Walikuwa wamekuja kama kila jioni, mama mmoja na mtoto mgongoni, mlinzi wa kiosk, wasichana wawili na birika moja, na Peres mbele yao. Tangu jana walikuwa wamekosa maziwa, na nyuso zao zilijaa maswali.

"Nenda uwaambie," Nyokabi akamwambia Ciru.

Ciru akaenda. Alijipangusa macho, akanyoosha sweta, akafungua lango nusu.

"Mama Ken amerudi?" Peres akauliza. "Jana tumeona ng'ombe ikipakiwa kwa pickup, nikashangaa. Nikasema labda inapelekwa kwa daktari."

"Amerudi, Aunty," Ciru akasema kwa sauti yake ya ofisini, nyororo, ya kupokea wageni. "Hapana, haikuwa daktari. Mum ameamua kupumzika sasa. Unajua amechoka. Ni yeye mwenyewe alitaka tumuuzie."

Nyokabi alisikia kila neno kutoka kwenye ngazi. Huko kwao, kama kwa wengi, mambo ya nyumba hayatoki nje ya lango. Mama hufa na siri ya wanawe, na akiulizwa husema wako salama. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha wasichana wengi kanisani hivyo hivyo. Aliinuka. Alivuka uwanja akiruka kamba za fundi, akafika langoni, akalifungua lote.

"Peres," akasema, na akasema kwa sauti ili hata msichana wa mwisho asikie. "Mimi sikutaka. Sikuulizwa. Watoto wangu hawa wamenipeleka kutembezwa msituni ili wauze ng'ombe yangu nisione. Huyu na yule pale."

Mlinzi wa kiosk alitazama viatu vyake.

"Mum!" Ciru alinong'ona, amemshika mkono. "Please. Si mbele ya watu."

"Kusema mbele yangu ndiko kulikushinda," Nyokabi akasema, akautoa mkono wake taratibu.

Kisha akaachia hapo, maana hakutaka kulia akiwa amesimama juu ya kokoto ya Ken. Peres alikuwa tayari ameshampa bega lake. Nyokabi akamuuliza kama kwake kuna chai.

"Iko, Mama Ken. Lakini maziwa ni ya pakiti."

"Haidhuru. Nimechoka, nataka kukaa."

Walivuka njia pamoja, Peres akiwa amemshika kiwiko, na wale wengine wakafuata nyuma na vyombo vyao vitupu, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kwenda. Ken na Ciru walibaki ndani ya lango. Ilipofika saa mbili usiku walikuwa bado wameketi kwenye ngazi, na mama yao hajarudi.